Nyumba ya Lancaster ni ya Lancaster Gani?

Ndugu msomaji, sidhani kuna mwanafunzi wa somo la historia hapa shuleni ambaye hajaandika maneno "Lancaster House" katika daftari lake. Mkutano wa kwanza 1960, wa pili 1962, wa tatu 1963; ukishayakariri hayo alama zako unazo mkononi, unageuza ukurasa. Nyumba yenyewe hatuiulizi. Basi katika kikao kimoja cha chama chetu cha Kiswahili, ndugu yetu mmoja wa kidato cha nne alisimama akatutolea hotuba tamu kweli kweli. Alisema nyumba hiyo, iliyo katikati ya jiji la London, ni kasri la ukoo wa Lancaster, wale makabaila wa Kiingereza waliopigana na ukoo wa York katika Vita vya Mawaridi, na kwamba wazao wao ndio waliowafungulia milango kina Ronald Ngala, Tom Mboya na Jomo Kenyatta. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mwalimu mlezi alitabasamu tu, akasema, "Haya, nani atatuandikia habari hii kwenye jarida, na ushahidi juu?" Nikainua mkono.

Nianze na jibu, maana msomaji wa jarida hana subira ya mtahini. Nyumba hiyo haikujengwa na ukoo wa Lancaster, haukuwahi kukaa humo, na jina hilo lilitundikwa na mtengenezaji wa sabuni zaidi ya miaka mia nne baada ya ukoo wenyewe kwisha. Sabuni yenyewe unaijua, huenda asubuhi hii umefulia shati. Lakini tusiende mbio.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili limenishughulisha. Mimi ni mtoto wa Vanga, mji wa mwisho kabla ya mpaka wa Tanzania. Kwetu nasaba si mchezo. Ukipita barazani baada ya alasiri ukatoa shikamoo, mzee hakuulizi unasoma kidato cha ngapi. Anakuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Ukitaja baba anataka babu, ukitaja babu anataka mamake babu alitoka wapi, na hakuachi mpaka apate mahali mnapokutana. Tena katika nyumba hiyo hiyo ya London ndipo lilipoamuliwa suala la Mwambao, yaani ukanda huu wa pwani tunaokaa utakuwa wa nani. Sasa nyumba iliyoamua mambo ya kwetu, nisijue ni ya ukoo gani?

Hebu tutazame nasaba yao. Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza alifariki mwaka 1377 baada ya kutawala miaka hamsini. Alikuwa na wana watano waliofikia utu uzima. Kifungua mimba, aliyeitwa Edward kama babake, alifariki mwaka 1376, mwaka mmoja tu kabla ya mzee, akaacha mtoto wa kiume, Richard. Sasa simama hapo kidogo. Kwetu Pwani, katika mirathi ya Kiislamu, mjukuu aliyefiwa na babake hupitwa na ami zake walio hai; babu akitaka mjukuu huyo apate kitu, humwusia. Kwa wafalme wa Kiingereza mambo yakawa kinyume: mtoto wa kifungua mimba aliingia mahali pa babake. Taji likaenda kwa Richard wa Pili, mtoto wa miaka kumi, na ami zake, watu wazima wenye majeshi, wakampigia goti. Mtu wa Vanga akisikia hivyo ataguna.

Kati ya ami hao yupo mmoja wa nguvu, John wa Gaunt, Dyuki wa Lancaster. Dyuki ndicho cheo cha juu kabisa cha ukabaila chini ya mfalme. Lakini hilo jina la Lancaster John hakulipata kwa babake. Mwaka 1359 alimwoa Blanche, binti wa Henry, Dyuki wa Lancaster wa wakati ule. Henry alipofariki mwaka 1361 hakuacha mtoto wa kiume. Mwishowe ngome, mashamba na jina vikaja upande wa Blanche, na kupitia kwake vikamfikia mumewe. Kwa hiyo ukoo huu wenyewe, unaotajwa kwa kishindo namna hii, ulilipata jina lake upande wa mama. Jirani zetu Wadigo, ambao kwa desturi yao ya zamani mtu alimrithi mjomba wake, hawataona ajabu yoyote hapo.

John wa Gaunt alifariki Februari 1399. Mwanawe Henry alikuwa uhamishoni, na Mfalme Richard, badala ya kumwachia urithi wake, akauzuia wote. Henry akarudi na watu wenye silaha, akisema kwamba amekuja kudai haki ya babake tu, wala hana jingine. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amevaa taji na Richard yuko kifungoni. Huyo ndiye Henry wa Nne. Akamfuata mwanawe Henry wa Tano, na mjukuu wake Henry wa Sita, aliyerithi taji mwaka 1422 akiwa na umri wa miezi tisa. Hao watatu ndio wafalme wa Lancaster. Asili yao ni kesi ya mirathi, basi.

Na York je? Edward wa Tatu alikuwa na mwana mwingine, mdogo wa John, aitwaye Edmund, Dyuki wa York. Kwa upande wa baba wazao wa Edmund wako chini ya wazao wa John, maana John ni mkubwa. Lakini mwana wa Edmund alimwoa Anne Mortimer, na Anne alikuwa kitukuu wa Lionel, mwana wa Edward aliyemtangulia John kwa kuzaliwa. Mtoto wao, Richard, Dyuki wa York, akawa na hoja: kwa baba mimi mdogo, lakini kwa mama mimi mkubwa kwenu nyote. Hoja hiyo iliua watu wengi sana. Vita vilianza St Albans mwaka 1455. Richard mwenyewe aliuawa Wakefield mwaka 1460, mwanawe akatwaa taji mwaka uliofuata na kuitwa Edward wa Nne. Mwaka 1471 Henry wa Sita na mwanawe wa pekee waliuawa wote wawili, mtoto vitani, baba gerezani, na mlango wa wafalme wa Lancaster ukafungwa.

Aliyeshinda mwishoni si huyu wala yule. Alikuwa Henry Tudor, aliyemwua Richard wa Tatu wa York katika vita vya Bosworth mwaka 1485. Dai lake la u-Lancaster lilipita kwa mama, na huyo mama alitokana na watoto ambao John wa Gaunt aliwazaa na hawara yake kabla ya kumwoa. Akaona heri amwoe Elizabeth wa York, wakachanganya mawaridi mawili likawa moja. Mwanamume wa mwisho wa damu ya York kwa upande wa baba alikatwa kichwa mwaka 1499. Hata hilo jina "Vita vya Mawaridi" lilikuja kuenea karne ya 19 tu; waliopigana hawakulitumia.

Liko jina la tatu ambalo nakuomba uliweke kando kwa muda, nalo ni Stafford. Akina Stafford walikuwa Madyuki wa Buckingham. Wa kwanza aliuawa vitani mwaka 1460 akimtetea Henry wa Sita. Mjukuu wake alikatwa kichwa mwaka 1483 kwa kumwasi Richard wa Tatu, na mtoto wa huyo naye akakatwa kichwa mwaka 1521 kwa amri ya Henry wa Nane. Vyeo vikubwa, shingo fupi.

Sasa tuingie mjini. Je, akina Lancaster hawakuwa na nyumba London? Walikuwa nayo, tena ilisifiwa kuwa ya fahari kupita zote nchini. Iliitwa Savoy, ikakaa kando ya mto Thames kwenye barabara ya Strand, ambayo leo ni katikati kabisa ya jiji. Jina lake halikutokana na Lancaster. Mwaka 1246 Mfalme Henry wa Tatu alimpa kiwanja hicho mjomba wa mkewe, Peter wa Savoy, mgeni kutoka milima ya upande wa Ufaransa na Italia. Baadaye kiwanja kikaingia mikononi mwa akina Lancaster, na John wa Gaunt akakaa humo. Juni 1381 wakulima wa Kiingereza walioasi kwa sababu ya kodi ya kichwa waliingia London, na wakamchukia John kuliko mtu yeyote. Waliichoma Savoy ikawa majivu. Mfalme Henry wa Saba, yule Tudor, aliacha wasia ijengwe hospitali ya maskini juu ya kiwanja hicho. Kanisa dogo la hospitali hiyo liko mpaka leo, na ni mali ya mfalme wa Uingereza kwa cheo chake cha Dyuki wa Lancaster, kwa kuwa tangu 1399 mali ya Lancaster imewekwa mbali na mali nyingine ya taji. Pembeni yake pamejengwa Hoteli ya Savoy, iliyofunguliwa mwaka 1889, ambamo wanalala matajiri.

Umeona mambo hayo? Mahali ambapo Lancaster aliishi kweli, akala, akalala, akachomewa nyumba, panaitwa kwa jina la mgeni aliyepita miaka mia moja kabla yake. Na pale panapoitwa Lancaster hakukaa hata siku moja.

Hapo pa pili ni mtaa wa St James's, karibu na kasri la mfalme. Mwaka 1825 ulianza ujenzi wa jumba kubwa la kijana wa Mfalme George wa Tatu, aitwaye Frederick, Dyuki wa York. Usikurupuke ukadhani ni wale wa waridi jeupe. Tangu enzi za Edward wa Nne wafalme wa Kiingereza wamezoea kumpa mtoto wao wa pili cheo cha Dyuki wa York, na kila anapokufa bila mrithi hurudi mikononi mwa mfalme, kikangoja mwingine. Cheo ni kama kanzu ya Idi iliyoachwa na marehemu: akivalishwa mwingine, anayetazama kwa mbali hudhani ni mtu yule yule. Basi jumba likaitwa York House. Frederick alifariki Januari 1827, jumba halijaisha, na madeni ameacha tele.

Likachukuliwa na tajiri mmoja mwenye cheo cha chini kidogo ya Dyuki, jina la cheo chake Stafford. Jumba likabadilishwa jina, Stafford House. Nalo pia si lile Stafford la kukatwa vichwa. Cheo hiki kilitolewa upya mwaka 1786 kwa jina la jimbo la Stafford, kwa watu wa ukoo wa Leveson-Gower. Mwaka 1833 mwenyewe alipandishwa akawa Dyuki wa Sutherland, lakini jumba likabaki Stafford House mpaka karne ya 20. Ukoo huo ndio ule uliowafukuza wakulima wengi kutoka ardhi ya mababu zao kaskazini mwa Scotland ili kuweka kondoo. Nalitaja kwa kupita tu, ila habari ya ardhi tutarudi kuiona.

(Na wale wanaodhani kasri la Buckingham liliitwa kwa Madyuki waliochinjwa, poleni. Nyumba iliyokuja kugeuzwa kasri hilo ilijengwa mwaka 1703 kwa ajili ya John Sheffield, aliyepewa cheo cha Buckingham upya. Kanzu nyingine hiyo.)

Mwaka 1912 jumba likanunuliwa na William Lever. Wazee wa Vanga wangeuliza, mtoto wa nani? Mtoto wa James Lever, mwenye duka la vyakula katika mji wa Bolton, jimbo la Lancashire. William alianza kazi katika duka la babake, kisha akatengeneza sabuni ya Sunlight, ile ile ya madukani kwetu, akatajirika mno. Sabuni inataka mafuta, na mwaka 1911 alikuwa amepata idhini ya Wabelgiji ya kuvuna michikichi katika Kongo, kazi ambayo Wakongo wengi waliifanya kwa kulazimishwa. Jumba la Stafford akalikabidhi kwa taifa mwaka 1913, na akaomba liitwe Lancaster House kwa heshima ya jimbo alikozaliwa. Ndiyo habari yenyewe hiyo. Waridi jekundu halimo, ni mtu na kwao tu.

Kwa hiyo jumba moja limepita majina matatu, York, Stafford na Lancaster. Majina yote matatu ni ya makabaila wa karne ya 14 na ya 15, na hakuna hata moja lililowekwa na ukoo uliokuwa na jina hilo wakati ule. Mtu akilitazama kutoka nje na kitabu cha historia mkononi anaweza kutunga hadithi nzuri sana, na makofi atapata. Dawa yake ni maswali mawili ambayo kila mzee wa barazani anayajua: jina hili aliweka nani, na aliliweka lini?

Nikaona nijaribu maswali hayo hayo huku kwetu, nisiwe mtu wa kuchunguza ya London tu.

Mombasa mjini, Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliwatoa Wareno mwaka 1698 baada ya kuwazingira karibu miaka mitatu. Akina Mazrui wakaitawala Mombasa kutoka humo kwa takriban miaka mia moja, mpaka 1837 Said bin Sultan wa ukoo wa Busaidi alipowaondoa. Waingereza wakaifanya gereza hadi 1958. Waislamu wamekaa katika ngome hiyo muda mrefu kuliko Wareno, na jina ni lile lile la Mreno. Ukitoka hapo ukaingia Mji wa Kale utauona Msikiti wa Mandhry, ambao huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570. Hapo jina halidanganyi: ukoo wenye jina hilo uko Mombasa mpaka leo.

Wamazrui waliotawanywa mwaka 1837 waligawanyika, wengine wakaenda Takaungu na wengine wakaja Gazi, pale pale unapopita ukitoka Vanga kwenda Ukunda. Mwaka 1895 liwali wa Takaungu alifariki, na kampuni ya Waingereza ikampitisha kijana, Rashid bin Salim, ikamwacha binamu yake mkubwa, Mbaruk bin Rashid, aliyejiona ana haki zaidi. Mbaruk bin Rashid mwingine, wa Gazi, akaingia upande wa aliyenyimwa. (Jina moja, watu wawili, mkisoma vitabu jihadharini.) Pwani nzima ikawaka moto hadi Aprili 1896, Mbaruk wa Gazi alipovuka mpaka akaingia kwa Wajerumani. Nikilinganisha na mwaka 1399 naona mambo ni yale yale, ugomvi wa nani arithi ukaishia kuwa vita vya nani atawale. Tofauti ni kwamba huku kwetu mwamuzi alikuwa mgeni mwenye mizinga.

Vanga je? Si mbali na kwetu yako magofu ya Vumba Kuu. Uchimbaji wa akiolojia uliofanywa huko katika miaka ya 2000 ulionyesha mji uliostawi karne ya 14 na ya 15, yaani wakati ule ule Savoy inachomwa na wana wa York na Lancaster wanachinjana. Nyumba zake nyingi zilikuwa za miti na udongo. Watu walihama, wakaenda Vanga, Wasini na vijiji vingine, lakini mtawala wao aliendelea kuitwa Diwani wa Vumba. Madiwani wa karne ya 18 na ya 19 walikuwa masharifu wa Ba-Alawi, ambao asili yao ni Hadhramaut, na kabla yao masimulizi yanataja watawala wa Kishirazi. Diwani alitambuliwa kwa siwa na ngoma kuu na mavazi yake, wala si kwa jumba. Ofisa mmoja Mwingereza, A. C. Hollis, alichapisha habari za utawala huo mwaka 1900, na bila shaka aliambiwa na wazee wa huku huku.

Mimi hapo ndipo niliposhangaa kuliko pote. Kule London jumba limesimama imara na ukoo umekwisha, jina likapita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kama kikombe cha kahawa. Kwetu jumba limeanguka, mji wenyewe umekuwa vichaka, na jina likashikwa na watu. Mvumba ni Mvumba ingawa hakuna mtu aliyelala Vumba Kuu kwa karne nyingi. Lahaja yetu inaitwa Kivumba. Ukitaka kuona nyumba ya ukoo wetu utaoneshwa mibuyu na vipande vya ukuta. Lakini kaa barazani na mzee, utasomewa mababu mmoja mmoja.

Ila jumba lenye jina la kuazima ndilo lililokuwa na nguvu, na hili si jambo la kucheka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar aachiwe ukanda wa pwani wa maili kumi za baharini, kiasi cha kilomita kumi na nane na nusu. Mpaka kati ya mataifa hayo mawili ulianzia kwenye mdomo wa mto Umba, mlangoni mwa Vanga. Wavumba wa Jasini wakawa wa Mjerumani, wa Vanga wakawa upande wa Mwingereza, na hakuna aliyewauliza. Kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895 Uingereza ikachukua usimamizi wa ukanda huo kwa niaba ya Sultani, kwa kodi ya paundi 11,000 kila mwaka. Kwa hiyo kwa karatasi tulikuwa watu wa Sultani, bendera yake nyekundu ikipepea Fort Jesus, na kwa vitendo tulikuwa watu wa Gavana wa Nairobi.

Uhuru ulipokaribia, swali likaiva. Wapo watu wa Pwani waliotaka Mwambao ujitawale au urudi Zanzibar. Wapo waliosema hapana, tuwe Kenya moja, na hao ni pamoja na Ngala, mtu wa Pwani mwenyewe. Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, na mwaka 1961 akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Machi 1962 mkutano maalumu wa suala hilo ulifanyika Lancaster House, sambamba na ule tunaoukariri darasani. Tarehe 8 Oktoba 1963 mkataba ukatiwa sahihi: Sultani Jamshid bin Abdullah akaachia madai yake. Kenyatta kwa barua aliahidi mambo kadhaa: uhuru wa dini, mahakama za Kadhi zibaki, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri inavyowezekana, na hati miliki za ardhi ambazo zimekwisha kusajiliwa Pwani zitambuliwe siku zote. Mahakama za Kadhi zimo katika Katiba ya 2010 mpaka leo. Jamshid alipinduliwa Zanzibar tarehe 12 Januari 1964, hata siku mia moja hazijatimia tangu sahihi ile. Alikwenda Uingereza akaishi Portsmouth miaka mingi katika nyumba ya kawaida tu, hadi mwaka 2020 alipohamia Oman, na alifariki Desemba 2024.

Isome tena ile ahadi ya mwisho. Inasema hati ambazo zimekwisha kusajiliwa. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai katika Pwani alete ushahidi asajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya taji la Uingereza. Waliojua kuandika, waliokuwa na wakili, waliokuwa karibu na ofisi, wakapata karatasi. Wakulima na wavuvi wengi hawakupata. Ilipofika 1963, London ikalinda karatasi, kwa wale waliokuwa nayo. Asiyekuwa nayo alibaki na nasaba tu, na nasaba haikutajwa kwenye ile barua.

Yako mashamba ya minazi kwetu ambayo mji mzima unajua yalikuwa ya nani tangu babu wa babu, na hati hayana. Siku mtu mwingine akitokea na hati, mzee wetu huvaa kofia yake akaenda ofisini, akaanza kuyataja majina ya mababu zake kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja amezikwa wapi. Karani humsikiliza kwa adabu mpaka amalize. Kisha humwuliza namba ya ploti.